Vitufe Viwili

Neno kronografu asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni mwandika wakati. Siku hizi haiandiki chochote, lakini mwanzoni wino ulikuwepo. Tarehe 1 Septemba 1821, kwenye uwanja wa Champ de Mars jijini Paris, fundi saa Nicolas Rieussec alikuja kwenye mashindano ya farasi na kasha lenye visahani viwili vinavyozunguka. Kila farasi alipovuka mstari, Rieussec alibonyeza, na kalamu ndogo ikaacha tone la wino kwenye kisahani. Mbio zilipoisha alihesabu madoa. Ikawezekana kujua si tu nani ameshinda, bali pia yule wa nne kachelewa kwa sekunde ngapi. Nadhani hapo ndipo maisha ya wa nne yalipoanza kuwa magumu.

Kwa karibu karne mbili vitabu vilimpa Rieussec sifa zote. Kisha mwaka 2013 ikatangazwa kwamba kuna chombo kilichomtangulia. Kilitengenezwa na Louis Moinet na kukamilika mwaka 1816, na kilipima hadi sehemu moja ya sitini ya sekunde. Moinet hakuwa na haja na farasi, alikuwa akitazama nyota.

Mkononi nina kitukuu cha vyombo hivyo: Omega Speedmaster Professional, saa ya kutia ufunguo kwa vidole, isiyo na betri. Nimeinunua baada ya miaka minne ya kuweka akiba, mitumba, kutoka kwa jamaa aliyekuwa akiuza vitu vyake ili ahamie Canada. Ni saa yangu ya kwanza ya bei hiyo na huenda ikawa ya mwisho. Bei sitaitaja kwa sababu naishi Nairobi na nyinyi wasomaji ni wengi. Lakini Mama alipoambiwa alinyamaza kwanza, kisha akauliza, "Hizo pesa si ni ploti?"

Nikamwambia ndiyo Mama, ni ploti, ya futi 50 kwa 100, ukienda mbali kidogo na lami.

"Na inakuonyesha saa gani ambayo simu haikuonyeshi?"

Swali hilo nimelibeba mwaka mmoja na miezi minane sasa. Haya ninayoandika ni jaribio la kumjibu, ingawa yeye hatayasoma. Yeye anasubiri ploti.

Jibu la haraka ni kwamba inanionyesha saa vibaya kuliko simu. Simu yangu hurekebishwa na mtandao. Hata Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki iliyotoka mwaka 1989 na ambayo darasa zima tulikuwa nayo, hupotea kwa sekunde zisizozidi thelathini kwa mwezi. Yangu hukimbia mbele kwa sekunde tano au sita kila siku. Na Casio hiyo ina stopwochi inayogawa sekunde mara mia. Moyo wa saa yangu hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kwa sekunde, kwa hivyo haiwezi kupima kitu kidogo kuliko sehemu moja ya sita. Chombo cha Moinet cha mwaka 1816 kinaishinda. Ukininunulia chai naweza kukubali kwamba kwa kazi ya kupima wakati peke yake, nimenunua chombo duni kwa bei ya ploti.

Sasa tutazame ule uso wake, kwa sababu hapo kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Mshale mfupi ukisimama kwenye namba 7 asubuhi, Mswahili husema saa moja. Kila anayesoma saa kwa Kiswahili anafanya hesabu ambayo hakufundishwa na mtu: anaruka kutoka namba iliyoandikwa hadi ile inayoikabili upande wa pili wa duara. Saba inatazamana na moja, tisa na tatu, kumi na mbili na sita. Waswahili wa pwani waliita ule mshale akrabu, nge, kama Waarabu. Napenda kufikiri kwamba sisi husoma mkia wa nge badala ya kichwa chake. Kwetu siku huanza jua linapochomoza, na usiku huanza linapozama, na hiyo ni akili ya kawaida ya watu wanaoishi karibu na ikweta. Saa zote za viwandani zimetengenezwa na watu waliohesabu kuanzia usiku wa manane, tukazivaa hivyo hivyo, tukakataa kubadilisha maneno yetu.

Lakini sehemu ya kronografu haijali mabishano hayo. Bonyeza kitufe cha juu: mshale mrefu wa katikati unaondoka kutoka sifuri. Bonyeza tena: unasimama. Bonyeza cha chini: unarudi nyumbani kwa ghafla, tap. Iwe saa moja au saa saba, dakika nne ni dakika nne. Ni sehemu pekee ya saa yangu ambayo haihitaji tafsiri.

Kule kurudi nyumbani ndiko kulikochukua muda mrefu kuvumbuliwa. Kuanza na kusimama ni rahisi, unaunganisha gurudumu na kuliachanisha. Ila utaurudishaje mshale kwenye sifuri popote ulipo, kwa pigo moja? Adolphe Nicole alipata hataza ya jibu mwaka 1844: kipande kidogo cha chuma chenye umbo la moyo. Nyundo ikigonga moyo huo popote, lazima uteleze mpaka nyundo itulie kwenye ile sehemu iliyobonyea, na mshale unauandama. Mpaka leo, ndani ya saa yangu kuna mioyo mitatu ya namna hiyo, mmoja wa sekunde, mmoja wa dakika, mmoja wa saa. Kitufe cha pili cha kuitia sifuri peke yake kilikuja mwaka 1934, kutoka Breitling. Kabla ya hapo wengi walikuwa na kitufe kimoja cha kufanya kila kitu, na ukishasimamisha huwezi kuendelea ulipoachia.

Baada ya farasi, kronografu ilipata kazi nyingine, na si zote za kujivunia. Daktari alihesabu mapigo kumi na matano au thelathini ya mshipa, na uso wa saa ukamwambia mapigo ya dakika nzima. Mwanajeshi wa mizinga alibonyeza alipoona mwako wa mzinga wa adui, akabonyeza tena aliposikia mlio. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu, kwa hivyo saa ilimwambia adui yuko umbali gani. Kiwandani msimamizi alisimama nyuma ya mfanyakazi na kupima anachukua muda gani kufunga boliti. Ni chombo kile kile. Ukishaweza kupima muda wa mtu mwingine, utamwambia pia kwamba anakupotezea muda.

Kwetu wakati wa namna hiyo ulikuja na reli. Ujenzi ulianzia Mombasa mwaka 1896, reli ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, na gari moshi haliwezi kungoja jua lipande. Ukitaka kujua jinsi serikali ya kikoloni ilivyocheza na mishale, kuna wakati Kenya ilitangulia Greenwich kwa saa mbili na dakika 45. Fikiria hesabu ya mtu wa telegramu siku hizo. Na kuanzia mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alivaa chombo chake mwenyewe cha chuma, si mkononi bali shingoni: kipande, kikaratasi ndani ya kikopo, kikionyesha aliajiriwa na nani, lini alianza, lini aliachwa, kwa mshahara gani. Huo nao ulikuwa mwandika wakati, tofauti ni kwamba aliyeuvaa hakuwa na kitufe. Nisimamapo kwa foleni ya benki na chuma changu mkononi, nikibonyeza kupima watanichelewesha dakika ngapi, huwa nalikumbuka hilo kwa raha fulani isiyo ya kistaarabu.

Speedmaster yenyewe ilizaliwa mwaka 1957, na haikutengenezewa mwezi. Ilitengenezewa madereva wa magari ya mashindano. Kitu chake kipya kilikuwa kutoa ile mizani ya kupimia mwendo, takimita, kutoka kwenye uso na kuiweka nje kwenye pete inayozunguka kioo, ili dereva aisome upesi. Unavyoitumia ni hivi: unapopita alama ya kilomita unabonyeza, ukifika inayofuata unabonyeza, mshale utakuwa umeelekea kwenye namba ya mwendo wako. Sekunde 45 ni kilomita 80 kwa saa. Sekunde 36 ni 100.

Nimeijaribu kwenye basi la Mombasa, kiti cha dirishani, baada ya Mtito Andei. Sekunde 36. Nikarudia, sekunde 35. Kibandiko nyuma ya basi kilisema mwendo usizidi 80. Nikamwonyesha mama aliyeketi karibu nami, nikamweleza hesabu yote, akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Sasa si uiweke mbali, baba, hutaki kujua." Mpaka Voi sikubonyeza tena.

Hadithi ya mwezi mnaijua kwa juu juu, kwa sababu Omega haijawahi kuacha kuitangaza. Mimi naitaka kwa undani wake, maana tangazo limeificha sehemu nzuri. Oktoba 1962 Wally Schirra alizunguka dunia ndani ya Sigma 7 na Speedmaster yake mwenyewe, aliyoinunua kwa pesa zake. Wanaanga walikuwa wakijinunulia saa kama mimi. Baadaye wakaomba NASA iwape saa rasmi, na kazi ya kuzijaribu ikaangukia mhandisi mmoja kijana, James Ragan. Aliomba saa kutoka kwa kampuni kadhaa na akaanza kuzitesa. Joto la nyuzi 71 kwa siku mbili, kisha 93 kwa nusu saa. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Unyevu, mgongano, mtikisiko, kelele za desibeli 130, chumba kisicho na hewa. Saa mbili za majina makubwa ziliangukia njiani: joto lilipinda mshale wa moja hadi ukakwama, na likabandua kioo cha nyingine. Speedmaster ilitoka imechoka lakini ingali inatembea. Tarehe 1 Machi 1965 ikaidhinishwa.

Kioo chake ni cha plastiki, na changu pia. Watu huniuliza vipi saa ya bei hiyo ikawa na plastiki kama ya mtoto. Sababu ni kwamba kioo cha kawaida kikivunjika ndani ya chombo kisicho na mvutano wa dunia, vipande havianguki chini. Vitaelea, viingie macho na mapafu. Plastiki hukwaruzika tu. Changu kilikwaruzwa na mlango wa matatu wiki ya pili, nikakisugua kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia kikarudi safi.

Tai, yaani Eagle, chombo cha Apollo 11, kilitua mwezini tarehe 20 Julai 1969. Nairobi ilikuwa saa tano na dakika 17 usiku. Neil Armstrong aliikanyaga ardhi ile saa kumi na moja na dakika 56 alfajiri kwa saa zetu, dakika nne kabla ya siku yetu kuanza. Yeye hakuwa amevaa saa. Kipima muda cha ndani ya chombo kilikuwa kimeharibika, akaiacha Omega yake humo kama akiba, kwa hivyo saa ya kwanza kuvaliwa mwezini ilikuwa kwenye mkono wa Buzz Aldrin, nje ya suti. Saa hiyo ilipotea miaka michache baadaye ikiwa njiani kupelekwa makumbusho, na mpaka leo haijaonekana. Kwa hivyo hakuna makumbusho yenye saa ya kwanza kuvaliwa mwezini. Kuna jamaa mahali, labda, anayo kwenye droo.

Lakini ninapofikiria Julai 1969 siwezi kukaa mwezini muda mrefu. Jumamosi tarehe 5 mwezi huo, Tom Mboya alipigwa risasi mchana akitoka duka la dawa kwenye Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Siku kumi na tano baadaye watu wawili wakatua mwezini. Nilimuuliza Baba, aliyekuwa na miaka kumi na moja, anakumbuka nini kuhusu mwezi. Akasema anakumbuka watu wazima wakinong'ona jioni na kuzima redio watoto walipoingia. Mwezi, akasema, aliusikia shuleni baadaye.

Kilichonifanya niitake Speedmaster ni safari iliyoharibika. Aprili 1970 tangi la oksijeni lililipuka kwenye Apollo 13, na watu watatu wakalazimika kurudi wakitumia chombo kidogo cha kutulia mwezini kama mashua ya kuokolea. Umeme ulizimwa karibu wote ili kutunza betri. Njiani ikaonekana hawaelekei sawasawa, na ilibidi wawashe injini kwa sekunde 14, kompyuta ikiwa imezimwa. Jim Lovell na Fred Haise walishika usukani, Jack Swigert akahesabu sekunde kwa saa yake ya mkononi. Wakipotoka kidogo tu wangeikosa pembe ya kuingilia angani. Walitua baharini tarehe 17 Aprili, wazima. Mwaka huo huo wanaanga waliitunuku Omega tuzo yao, kijibwa Snoopy cha fedha.

Yangu si saa ile, na ni vizuri nikiwa mkweli. Zilizoenda na Apollo 11 zilikuwa na mashine iitwayo 321, ambayo mizizi yake ni mwaka 1942 kwenye kiwanda cha Lemania. Yangu ni ukoo wa mashine iliyoingia 1968, rahisi zaidi kutengeneza. Na si kila Omega ilifaulu huko juu: kwenye Apollo 15 kioo cha saa ya Dave Scott kilimtoka, akamalizia matembezi ya mwisho na Bulova yake binafsi. Tangazo hilo hamtaliona.

Miezi minane baada ya Apollo 13, tarehe 12 Desemba 1970, kuna kuhesabu kurudi nyuma kulikofanyika kwenye bahari yetu wenyewe. Kwenye jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, roketi ilirusha setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei ya nyota. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru. Katika vitabu vya fizikia vya dunia nzima kuna neno hilo la Kiswahili, na nimekutana na wenzangu wengi wa chuo kikuu ambao hawajawahi kuambiwa.

Nimerudi kwa Baba sasa, maana yeye ndiye sehemu ambayo sikumweleza Mama. Baba alifundisha shule ya msingi kule Bonde la Ufa, na miaka mingi ya kazi yake alikuwa mwalimu wa michezo. Alikuwa na miaka kumi Kipchoge Keino alipomwacha Jim Ryun karibu mita ishirini nyuma kwenye mita 1500 kule Mexico, Oktoba 1968, kwa dakika 3 na sekunde 34.91. Namba hiyo anaitaja kama mtu anayetaja namba ya simu. Shule yake ilikuwa na stopwochi moja, ya chuma, ya kutia ufunguo. Ilikaa kwenye kabati la mwalimu mkuu, ndani ya kisanduku, na kulikuwa na daftari. Kila jioni Baba alitia sahihi kuichukua, akaenda nayo uwanjani, akapima watoto wakizunguka kwenye murram, kisha akairudisha na kutia sahihi tena. Hakuwahi kulala na saa hiyo nyumbani. Miaka yote hiyo, na namba zote alizoandika kwenye madaftari yake, hakuna hata sekunde moja aliyoipima kwa chombo chake.

Nilipompelekea Speedmaster hakuuliza bei. Aliivua mkononi mwangu, akaigeuza, akaiweka sikioni. Kisha akabadilisha namna ya kuishika: akaitoa kwenye dole gumba, akaweka kidole cha shahada juu ya kitufe.

"Wewe unabonyeza na gumba," akasema. "Gumba ni zito. Linachelewa."

"Sawa, Baba."

"Na bastola ikilia usisikilize. Tazama moshi. Ukingoja mlio, kama umesimama mita mia mbali umeshampa mtoto thuluthi moja ya sekunde ya bure, na akienda mkoani watamnyang'anya."

Ni fizikia ile ile ya mwanajeshi wa mizinga, ila huyu aliitumia ili mtoto wa mtu asiende mkoani na namba ya uongo. Alibonyeza, akatazama mshale ukienda raundi nzima bila kusema kitu, akausimamisha kwenye 12 barabara. Akautia sifuri. Akafanya hivyo tena. Mama akapita na sufuria, akatutazama sote wawili, akaingia jikoni.

Saa za aina hii zilikaribia kufa kabisa, na walioziua si waovu. Siku ya Krismasi 1969 Seiko ilianza kuuza Astron, saa ya mkono ya kwanza ya kwatzi. Jambo la kuchekesha ni kwamba mwaka huo huo viwanda vilikuwa vimetoka kwenye mbio za kutengeneza kronografu inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono. Zenith ilitangaza yake Januari, kundi la Heuer, Breitling na wenzao likatangaza Machi, na Seiko nayo ikaleta yake mwaka huo huo. Walishinda mbio ambazo mwisho wake ulikuwa umeshahamishwa. Miaka kumi na mitano iliyofuata, zaidi ya nusu ya ajira za mafundi saa nchini Uswisi ziliyeyuka.

Zenith wakati huo ilikuwa mali ya Wamarekani. Mwaka 1975 waliamuru uzalishaji wa mashine za mekaniki ukome na vifaa vyake viuzwe kama vyuma chakavu. Fundi mmoja wa Le Locle, Charles Vermot, aliomba viachwe, hakujibiwa. Basi jioni baada ya jioni akavipandisha darini, mashine za kukatia, zana, vipande, akaviwekea lebo, na akaandika kwenye daftari kila hatua ya kazi. Miaka ya themanini watu walipoanza kuzitaka tena, vitu vilikuwa pale pale. Mwaka 1988 Rolex yenyewe ilitoa Daytona ikiwa na mashine ya Zenith ndani. Bila yule mzee na dari lake hakuna aliyekuwa na uwezo wa kugharamia zana mpya.

Nilimsimulia habari hiyo fundi ninayemjua, mtaa wa Luthuli, kwenye kibanda kinachotosha kiti kimoja na robo. Alianza kazi zamani za Seiko 5, mwalimu na karani wakija kila mwisho wa mwezi. Siku hizi anabadilisha betri na kukata cheni zilizozidi. Aliichukua saa yangu, akatia lenzi jichoni, akasikiliza.

"Iko fiti," akasema. "Lakini hii, kijana wangu, mimi sitaifungua."

"Hujawahi kufungua kronografu, mzee?"

"Nimefungua nyingi. Mikono inajua. Vipuri ndivyo sina, na wenye kiwanda hawaniuzii. Nikivunja kaspringi kamoja kadogo hivi, nitakuwa nimekuvunjia ploti."

Nikacheka kwa sababu sikuwa nimemtajia ploti. Inaelekea Nairobi nzima hupima kwa ploti. Nikamuuliza kama ana mtu anayemfundisha. Akaonyesha kwa kidevu kibanda cha jirani, kijana akibadilisha kioo cha simu. "Huyo alikuwa wangu. Aliondoka. Simu ndiyo ina watu." Hakusema kwa uchungu, alikuwa akitafuta betri ya mteja mwingine kwenye kopo.

Kwa hivyo matengenezo, ambayo hufaa kufanywa kila baada ya miaka mitano hadi minane, yatabidi niitume nje ya nchi, na makadirio niliyopewa ni kodi yangu ya miezi mitatu. Nimefungua bahasha ya hilo. Kama unaipenda kronografu na huna wazimu wa kiwango changu, kuna Seagull za Tianjin, Uchina, zenye mashine ya ST19 iliyotokana na zana za Venus 175 ambazo Wachina walizinunua Uswisi miaka ya sitini mapema ili kutengenezea marubani wao saa. Ina gurudumu la nguzo, kitu ambacho hata yangu haina, na bei yake ni kipande kidogo tu cha niliyolipa. Nasema hivyo bila wivu mwingi.

Kuishi nayo kwenye tao ni kazi yake tofauti. Navaa mikono mirefu. Kwenye matatu nakaa upande ambao mkono wa kushoto hauko dirishani. Tom Mboya Street baada ya saa moja jioni saa huingia mfukoni wa ndani, na hapo husikika ikigonga kifuani nikitembea haraka. Wengi wanaoiona hudhani ni feki, na ninawaacha. Makanga mmoja aliniambia, "Mse, hiyo ya River Road wamejaribu." Nikamshukuru.

Baba sasa hunipigia simu Jumapili jioni, kabla ya habari. Haanzi na salamu za watoto wa jirani kama zamani, anauliza imekimbia ngapi wiki hii. Mshale wake wa sekunde hausimami ukivuta kile kifundo, kwa hivyo siwezi kuipatanisha kamili, nakadiria tu kwa milio ya redio. Jumapili iliyopita ilikuwa imetangulia kwa sekunde 41. Akaniambia nimsomee pia ya juma lililotangulia, ngoja achukue kalamu.